Viti vya Musembi

Mechi tatu zimebaki, na Shikanda hajanyolewa.

Niliona kwanza shingoni, nywele zikitambaa
kama nyasi nyuma ya goli letu zisizofyekwa na mtu.
Nikadhani ni mtindo.
Mimi nagonga mabati Kamukunji tangu alfajiri,
masanduku ya shule, makarai, majiko;
sina muda wa kuchunguza kichwa cha mtu.

Musembi kinyozi ndiye aliyeniambia, akipuliza mashine yake:
"Yule haji tena. Akiingia, viti vyote vinageuka."
Na kiti kimoja kati ya hivyo ni changu.

Mimi nilimuuliza Jumanne: Tutapanda?
Mwenye bucha pale Burma alimuuliza akipima nusu kilo: Tutapanda?
Shemasi alimuuliza akipitisha kapu la sadaka.
Mwenye nyumba alimuuliza badala ya kumdai kodi,
na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Neno moja tu, jepesi kinywani.
Lakini litie guniani, siku baada ya siku,
kila mlango wa Shauri Moyo ukitoa konzi moja,
kisha umtwike kijana wa miaka kumi na tisa
umwambie: haya, kimbia.

Jumamosi alikimbia hivyo.
Dakika ya themanini, penalti.
Tukanyamaza, watu mia nne, hata nikasikia nyundo
ya mtu fulani Gikomba asiyejali mpira.
Shikanda akautazama mpira. Kisha akatutazama sisi.
Mshambuliaji hatazami mashabiki kabla ya penalti, jamani.
Mpira ukaruka ukuta, ukaangukia wauza mitumba,
na mimi, mimi huyu, nikatupa kijiti cha ngoma
nikamtaja mama yake.

Mama yake alikuwa ameketi safu mbili nyuma yangu.
Alikunja leso, akaiweka mapajani,
akaikunja tena.

Nalijua bati. Ukiligonga pole linakuwa karai.
Ukiligonga kwa hasira linapasuka kwenye mkunjo,
na fundi hulaumu bati.

Jumatatu tulikaa, mashabiki, nyuma ya kibanda cha chai,
tukabishana hadi chai ikafanya ngozi.
Odera alisema timu isiyotishwa hulala.
Nyaboke akamjibu: "Tajiri wako akikuchungulia begani,
unashona mshono gani?"
Odera hushona sare za shule. Akacheka, akanyamaza.
Tulikubaliana mambo madogo, mengine ya kijinga:
hakuna kuimba hesabu ya pointi;
tukifungwa, ngoma ilie kabla mpira haujatolewa wavuni;
mwenye bucha apime nyama, basi.
Na mimi niende kwa mama Shikanda.
Hilo halikuwa la kikao. Lilikuwa langu.

Nilikwenda na karai jipya.
Aligonga kwa kidole kusikia mlio,
kama mtu asiyemwamini fundi.
"Litafaa," akasema.
Hakuongeza neno, nami sikustahili jingine.

Leo Alhamisi, magharibi, Shikanda kasimama mlangoni kwa Musembi.
Viti havikugeuka.
(Changu kilitaka. Nilikizuia kwa miguu yote miwili.)
Musembi akakung'uta shuka, akamfunga shingoni.
Tukazungumza bei ya nyanya. Tukazungumza mtaro ulioziba,
na diwani, ambaye tuliafikiana ni bora angezibuliwa yeye.
Nywele zikaanguka, nyingi, za majuma sita.
Akafumba macho, na pumzi yake ikashuka
kama ya mtu aliyetua mzigo
bila kuulizwa anatoka wapi.

Sisemi sitaki tupande. Nataka mpaka meno yananiuma.
Lakini meno ni yangu.

Aliposimama, kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka.
Akalipa. Akafika mlangoni, akageuka,
akauliza yeye:
"Keshokutwa mtakuja?"

Tutakuja, tukasema, sote,
kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile.